Kumpeleka Bibi Dar: harusi ya mjukuu, na ile ya 1962

Tumerudi Morogoro wiki iliyopita. Haya nimeyapanga kutoka kwenye daftari la mfukoni na picha za simu, nyingi zikiwa za mgongo wa Bibi, maana akiona simu imeinuliwa hugeuka. Safari ilikuwa ya harusi. Binamu yangu alikuwa anaolewa Kimara baada ya Pasaka, katikati ya masika, na Bibi alikubali kushuka kutoka Mgeta kwa sharti moja: kabla ya harusi ya mjukuu apelekwe Mtakatifu Yosefu, kanisa alilofungia ndoa yake mwaka 1962. Ana miaka zaidi ya themanini. Magoti yanamsumbua, ulimi haujambo.

ALHAMISI: Morogoro hadi Kimara

Bibi alifika mjini na gari la mboga, amekaa mbele na dereva, nyuma magunia ya karoti na kabichi. Mizigo yake: begi moja la nguo, kapu la njegere, na chupa ya chai ambayo hakuiachia mpaka Dar.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mume wangu. Umenenepa. Huyo mke mwenzangu anakulisha nini?"

Ndivyo anavyotusalimu wajukuu wa kiume wote. Tumezoea.

Tulipanda treni ya umeme ya jioni. Kwa atakayesafiri na mzee: stesheni ya Morogoro iko Kihonda, si mjini, kwa hiyo weka hesabu ya bajaji (sisi tulilipa 5,000 baada ya kuvutana kidogo). Tiketi ya daraja la kawaida ni 13,000, na inakatwa kwa kitambulisho, hivyo hakikisha kitambulisho cha mzee hakijabaki kwenye sanduku kijijini. Mizigo hupitishwa kwenye mashine na kuna mwendo wa miguu ndani ya jengo, kwa hiyo nenda mapema. Kijana mmoja wa ulinzi alimwona Bibi anavyovuta mguu, akalichukua kapu la njegere mkononi mwake na kumtangulia hadi mlango wa behewa. Hakutaka hata soda.

Karibu kilomita mia mbili kwa chini ya saa mbili. Bibi alikaa dirishani, akawa anapitisha kidole kwenye kioo na kukikagua.

"Hii haina masizi," akasema. Mara ya kwanza alipoingia Dar alikuwa msichana, ameletwa na mjomba wake, na anasema walishuka stesheni weusi usoni kwa moshi wa injini. Sisi Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama, kwa hiyo mjomba kumchukua mtoto wa dada yake na kumlea mjini halikuwa jambo la ajabu. Mjomba alikuwa na nyumba Ilala. Ndiko Bibi alikokulia na ndiko alikoolewa.

Treni iliposimama Pugu alifanya ishara ya msalaba. Wasafiri wengi hawajui kwamba hapo ndipo Wabenediktini walipoanzisha misheni yao mwaka 1888, na kwamba Januari 1889 ilivamiwa na wapiganaji wa Abushiri, wamisionari wakauawa. Wakatoliki wa Dar bado wanakwenda Pugu kuhiji. Bibi alikwenda kwa miguu enzi zake. "Na viatu mkononi, ili visiishe," akaongeza.

Tukafika mjini giza linaingia. Kaka wa bibi harusi alitupokea na gari, na kutoka katikati ya mji hadi Kimara tulikaa kwenye foleni muda uleule tuliotumia kutoka Morogoro.

Usiku ule kulikuwa na kikao cha mwisho cha familia. Nimekwisha kuhudhuria vikao vya namna hiyo, na kwa kawaida huwa ni mambo ya fedha: nani hajamaliza mchango, ukumbi umelipwa nusu, mpiga picha anadai. Bibi alisikiliza yote kimya, halafu akauliza swali moja.

"Kilemba cha mjomba kimefika?"

Mjomba wa binti akatoa simu yake na kumwonyesha ujumbe. Kilemba, fungu la mjomba katika mahari, kilikuwa kimeingia kwa muamala wa simu tangu Machi. Mkaja, fungu la mama, vilevile. Bibi akaishika ile simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akairudisha.

"Kimefika," akasema. "Basi aolewe."

IJUMAA: Kimara, Magomeni, Posta

Siku hii ndiyo iliyobeba safari yote.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi tulipanda mwendokasi pale Kimara, nauli 750, tukitegemea kushuka Kivukoni na kutembea dakika chache tu hadi kanisani. Dada mmoja aliyevaa sare ya shule ya ualimu alimwachia Bibi kiti. Tulipofika Magomeni Mapipa basi likasimama, mlango ukafunguka, na dereva akatangaza kwamba Jangwani maji yamepita juu ya barabara. Wote chini.

Msomaji wa Dar haya anayajua. Mto Msimbazi unashuka na maji ya kuanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, na bonde likijaa barabara ya Morogoro inakatika katikati ya mji. Kwa mgeni: masika usipange jambo la saa maalumu mjini kama unatokea Kimara, Ubungo au Manzese. Ulizia hali ya Jangwani kabla hujatoka nyumbani.

Watu walishuka wanalalamika. Bibi alisogea pembeni, akalitazama bonde kule chini, maji ya rangi ya chai ya maziwa na takataka zinazunguka.

"Babu yenu alivuka hapa," akasema.

"Lini, Bibi?"

"Nikiwa mkewe." Akageuka, akataka pa kukaa.

Pa kukaa alitupa mama mmoja anayeuza supu na chapati chini ya turubai. Alituita mwenyewe, akamtoa kijana kwenye benchi, akamfunika Bibi kanga kavu mabegani. Nilikula chapati mbili na supu ya utumbo, 3,500. Nilipotaka kulipia chai ya Bibi akanirudishia mia tano yangu. "Ya kwake hailipiwi." Walikaa wakizungumza kama watu waliolelewa nyumba moja, mama mwenyewe ni wa Matombo, upande wa pili wa milima yetu, na alipotajiwa Mgeta akaongeza maziwa.

Mvua ilipopungua, Bibi akasema kwa kuwa tuko Magomeni basi tuone kota. Yeye na Babu walianza maisha katika kota za Magomeni. Babu alikuwa karani wa kuhesabu shehena bandarini. Nilijaribu kumwandaa. Kota zile za zamani zilibomolewa miaka mingi iliyopita, na mwaka 2022 yakafunguliwa maghorofa mapya. Alikwisha kusikia, lakini kusikia na kuona si kitu kimoja. Alisimama getini na mwavuli, akatazama juu, akahesabu ghorofa kwa kidole, halafu akaanza kutafuta ilipokuwa nyumba yake. Mlinzi alimwachia aingie. Mzee mmoja mkazi, ambaye naye alizaliwa kwenye kota za zamani, akaungana nasi, na wale wawili wakaanza kubishana kuhusu visima vya maji na njia ya sokoni. Mwishowe Bibi alipapata kwa hesabu yake mwenyewe: "Bonde lilikuwa upande wa choo. Nikitoka chooni naliona. Kwa hiyo nyumba ilikuwa hapa," akaonyesha mahali ambapo sasa yameegeshwa magari. Mzee akakubali. Sijui alikubali kweli au alichoka.

Kuingia mjini ilibidi tukodi teksi ya mtandaoni, tukazunguka Kinondoni na kupitia Salenda. Shilingi 15,000, mara kumi ya nauli za basi za watu wawili, na dereva alikuwa na haki yake maana foleni ilikuwa imehamia kule.

Tahadhari ndogo: mwambie dereva "Mtakatifu Yosefu, Sokoine Drive", usiseme tu "kanisa la Wajerumani kule baharini". Yako mawili jirani. Lile lenye mapaa ya vigae vyekundu ni Azania Front, la Walutheri. Letu ni lile lenye mnara mrefu uliochongoka, lililojengwa kati ya 1897 na 1902, linatazama bandari. Wa kwetu alitushusha Azania Front. Bibi akaangalia, akamwambia, "Baba, hapa mimi sikuolewa," tukarudi garini.

Ndani palikuwa na watu wachache wanasali. Bibi alipiga goti kwa kushika benchi, akaenda moja kwa moja hadi mbele, upande wa kushoto. Vioo vya rangi nyuma ya altare bado vipo, na maandishi ya Kijerumani bado yapo. Alikaa, akanivuta nikae, na akaanza kusimulia kwa sauti ya chini ambayo ilizidi kupanda hadi mama mmoja akageuka.

Misa ilikuwa asubuhi mapema. Padre alikuwa Mkapuchini wa Uswisi, kanzu ya kahawia na ndevu hadi kifuani; enzi zile jimbo lilikuwa chini ya Askofu Mkuu Edgar Maranta, naye Mkapuchini. Misa nzima Kilatini. Padre kawapa mgongo. Maswali ya ndoa ndiyo yaliulizwa kwa Kiswahili ili kila mtu asikie kama binti anakubali au analazimishwa, halafu padre akarudi kwenye Kilatini, na Bibi anayo maneno hadi leo: *Ego coniungo vos in matrimonium*. Aliyatamka bila kusita. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifunguliwa Oktoba 11 mwaka huohuo, na miaka michache baadaye misa zikawa za Kiswahili. "Mimi ni wa mwisho mwisho," anasema, na hujui kama anajivunia au analalamika.

Hakuwa amekula kitu. Papa Pius XII alikwisha kulegeza mfungo kabla ya komunyo, maji yakaruhusiwa tangu 1953 na mwaka 1957 mfungo ukawa saa tatu tu, na padre aliwaeleza hivyo kwenye mafundisho. Lakini bibi zake walikuja kutoka Mgeta na sheria zao za usiku wa manane, hata tone la maji hapana. Wakati wa baraka ya maharusi macho yalianza kumwingia giza. Msimamizi wake alimshika kiuno kwa nyuma, chini ya shela, na hakuna aliyejua.

"Ilikuwa Jumamosi," akamalizia. "Tarehe kumi na mbili, mwezi wa tano."

Hiyo tarehe tunaijua sote. Kila Mei 12 ukoo unaomba misa na kupika, na tangu Babu afariki tunaendelea.

Tukaenda ofisi ya parokia. Nilikuwa nimepiga simu mapema wiki ile, na nawashauri mfanye hivyo: taja mwaka, majina ya ubatizo ya wote wawili, na kama unayo namba ya cheti cha ubatizo itaje pia. Nenda asubuhi siku ya kazi. Karani alikuwa kijana mpole, akamwamkia Bibi, akamletea kiti chenye mto. Kitabu chenyewe kilikuwa tayari mezani. Kikubwa, ngozi ya mgongo imefungwa kwa gundi ya karatasi, kingo za kurasa zimeliwa kidogo. Kurasa zimepigwa mistari ya safu kwa mkono, vichwa vya safu kwa Kilatini, majina yenyewe yamegeuzwa Kilatini. Wino wa buluu umepauka kuelekea kahawia. Safu ya mashahidi ilikuwa na majina mawili, moja la rafiki wa Babu, jingine la yule msimamizi aliyemshika kiuno. Pembeni, kwa mwandiko mwembamba zaidi, padre ameandika kwamba matangazo yamesomwa mara tatu hapa na mara tatu Mgeta.

Na tarehe: *die 8 Maii 1962*.

Nilitoa simu, nikaangalia kalenda ya mwaka ule. Mei 8 ilikuwa Jumanne.

Karani akasoma tena. Mimi nikasoma tena. Bibi hakuinama kuangalia.

"Kitabu hicho kimeandikwa na Mzungu," akasema. "Mimi nilikuwepo."

Hawaruhusu kupiga picha kurasa, na wana sababu, kwa kuwa safu zile zina mambo ya watu wengine. Ukitaka nakala utaandikiwa cheti kutoka kwenye kitabu, kikapigwa muhuri. Cha kwetu kilikuwa tayari kabla ya saa nane. Tukatoa sadaka.

Mchana tulikula samaki na wali kwenye mgahawa wa mtaa wa nyuma, 12,000 kwa wawili, halafu tukapita Samora kwa sababu ya picha. Ipo moja tu ya harusi ile, ya studio ya Mhindi, karibu na Sanamu ya Askari. Babu amesimama wima, suti ya kuazima. Bibi amekaa, amevaa shela la kuazima kwa masista, la kurudishwa kesho yake. Barabara hiyo iliitwa Acacia, ikaja kuitwa Independence, kisha Samora. Tulipodhani ilikuwa studio sasa wanauza makava ya simu. Bibi aliingia, akauliza bei ya kava, akatoka.

JUMAMOSI: harusi Kimara

Mvua hakuna. Misa ilikuwa saa nne, jozi nne za maharusi kwa pamoja, jambo la kawaida Dar kipindi hiki. Kwaresima ndoa huwa chache sana, kwa hiyo baada ya Pasaka wote wanamiminika, na parokia ikitaka kila ndoa iwe na misa yake mapadre hawatalala. Kama unaolewa mjini, jiandikishe mapema: mafundisho, cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, matangazo Jumapili tatu. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inataka taarifa ya siku 21, kwa hiyo serikali na kanisa hapo wanakwenda sambamba.

Bibi alivaa kitenge cha sare ya ukoo na juu yake sweta la Mgeta, joto la Dar halimhusu. Alifuata kila kitu. Viapo vilipotamkwa kwenye kipaza sauti alitikisa kichwa kwa kukubali. Baraka ya maharusi ilipoanza alikaza shingo, na ilipokwisha akaninong'oneza.

"Hawajatajwa."

"Nani?"

"Raheli, Rebeka na Sara."

Katika baraka ya zamani bibi harusi aliombewa apendwe na mumewe kama Raheli, awe na hekima kama Rebeka, aishi miaka mingi na uaminifu kama Sara. Ilisomwa Kilatini, lakini padre aliwafafanulia wasichana kwenye mafundisho, na Bibi na wenzake waligawana: kila mmoja alichagua mmoja. Bibi alichukua Sara, kwa ajili ya miaka mingi. Akamwita binamu yangu nje ya kanisa, katikati ya wapiga picha na vigelegele, akamshika mashavu na kumwombea majina yote matatu. Mpiga picha alikosa. Mimi ninayo, imetikisika.

Ukumbi ulikuwa kama kumbi zote. MC, keki, ndafu, muziki wa kupasua masikio, pilau nzuri kweli. Bibi alikula, akalala kwenye kiti saa tatu, tukamrudisha nyumbani.

JUMAPILI: Kigamboni

Misa ya kwanza, kisha Kivukoni. Jangwani palikuwa pamekauka, na tope limebaki limekunjamana pembeni ya barabara. Kivuko cha Magogoni nauli ni 200 kwa mtu. Wazee wasubiri umati uingie kwanza. Baharia akimwona mwenye fimbo mara nyingi humpitisha pembeni, ndivyo alivyofanyiwa Bibi. Ng'ambo tulichukua bajaji ya 3,000 kwenda kwa yule msimamizi wake wa ndoa.

Yuko hai. Sisi humwita Bibi wa Kigamboni. Amemzidi Bibi miaka michache, haoni vizuri, lakini alimtambua kwa kikohozi kabla hatujapiga hodi.

"Somo yangu huyo!"

Walishikana mikono muda mrefu bila kuachiana, wakaulizana habari za waliokufa kwanza, kama desturi, kisha za walio hai. Mjukuu wake alitupikia changu wa nazi na ugali laini, na sisi tukatoa zile njegere. Kila nilipotaka kuleta habari ya tarehe nilijizuia. Aliyeileta ni Bibi mwenyewe.

"Somo, waambie hawa watoto. Wamekwenda kusoma vitabu. Mimi niliolewa lini?"

"Jumanne," akajibu Bibi wa Kigamboni.

Kimya. Halafu akacheka hadi akakohoa.

"Jumanne ulifunga ndoa. Jumamosi uliolewa. Hukuwaambia?"

Hakuwa ametuambia. Na yeye Bibi akawa anatafuna mfupa wa samaki kana kwamba mazungumzo hayamhusu.

Nimeyaandika kama alivyoyasimulia. Sherehe ilikuwa imepangwa Jumamosi, kwa kuwa jamaa wa Mgeta walikuwa wanakuja na treni. Ndoa nayo ingefungwa siku hiyohiyo asubuhi. Lakini barua ya padre wa Mgeta, ya kuthibitisha kwamba matangazo yamesomwa huko na hakuna kizuizi, ilichelewa. Ilifika Jumatatu. Padre wa Dar alikuwa anasafiri Jumatano, na hakujulikana atarudi lini. Basi akasema, waje kesho. Jumanne asubuhi wakafunga ndoa na watu wachache, pamoja na wale bibi wa kutoka Mgeta waliokuwa wametangulia, wakaenda studio, wakapiga picha, na Babu akaita teksi ya kumpeleka mkewe Magomeni.

Mjomba akaufunga mlango wa teksi, Bibi akiwa bado nje.

"Padre amemaliza yake," akamwambia Babu. "Mimi yangu ni Jumamosi." Kilemba kilikuwa hakijatimia. Zilibaki shilingi thelathini na blanketi moja, na watu wa kupokea walikuwa hawajafika. Akamshika mtoto wa dada yake mkono, wakarudi Ilala.

"Babu akafanyaje?" niliuliza.

"Atafanya nini? Alikuwa na cheti, mke hana."

Alikwenda kulalamika kwa padre, na padre, huku akifunga mizigo, akamwambia kwa Mungu ameshaoa, kwa mjomba avumilie. Kwa hiyo kila jioni, akitoka bandarini, Babu alipitia Magomeni kuoga kisha akavuka bonde la Msimbazi kwa miguu hadi Ilala, kumsalimia mkewe. Masika ilikuwa kama hii. Suruali imekunjwa hadi magotini, viatu vyake vya harusi mkononi, akifika kwenye baraza ya mjomba anafuta miguu kwa kitambaa na kuvaa viatu ndipo anapiga hodi. Anakaribishwa barazani. Anapewa chai. Mjomba anakaa naye, wanazungumza habari za meli. Bibi haruhusiwi kutoka. Yuko ndani, nyuma ya pazia la mlango, na Bibi wa Kigamboni ndiye aliyepeleka kikombe na kurudi na habari.

"Alhamisi maji yalijaa akashindwa kurudi. Akalala barazani, mume wa ndoa, kwenye mkeka. Mjomba akamtolea shuka."

"Lile blanketi lilikuwa bado hajanunua," akasema Bibi. Neno lake la kwanza tangu samaki aishe.

Jumamosi jamaa wakafika, shilingi thelathini zikahesabiwa juu ya meza, blanketi likakunjuliwa na kukaguliwa, ngoma ikapigwa hadi asubuhi, na mjomba mwenyewe akampandisha Bibi kwenye teksi. Mei 12.

Niliuliza kama alikuwa na hasira na mjomba. Bibi alifikiri.

"Mume gani mwingine alivuka mto siku nne kwa ajili ya kikombe cha chai? Bila mjomba ningemjuaje?" Halafu akamgeukia somo yake, wakaanza habari nyingine, ya mtu aliyeuza shamba.

Kwa anayetaka kurudi mjini jioni ya Jumapili: usipite kivukoni baada ya saa kumi kama una mzee. Foleni ya watu wanaotoka ufukweni ni ndefu na hakuna pa kukaa. Tulipanda gari kupitia daraja.

JUMATATU: kurudi

Treni ya mchana, hakuna la kusimulia. Nilipoweka picha ya cheti kwenye kundi la ukoo la simu, mjadala ulifika Morogoro kabla yetu. Wajomba wawili walitaka misa ya kumbukumbu ihamie tarehe 8, kwa kuwa ndiyo ya kanisa. Shangazi akasema aliyekufa aliijua ya 12. Mmoja akashauri iitishwe kikao. Niliwasha kipaza sauti nikamwekea Bibi simu mdomoni atoe uamuzi.

"Misa muombeni tarehe 8," akasema. "Pilau mnipikie tarehe 12. Na mchango ni uleule."

Wa mchango wameanza kununa. Cheti nimekipeleka Msamvu kuwekewa plastiki, 2,000.